Juni Ni Mwezi wa Salfa

Hotuba kwa wakulima wa korosho, madiwani na vijana, Newala, mkoani Mtwara

Mgeni rasmi, wazee wangu, mama zangu, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, na nyie vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema, itifaki imezingatiwa. Kama kuna mheshimiwa sijamtaja anisamehe. Nikianza kutaja mmoja mmoja, alasiri itatukuta bado tuko kwenye salamu.

Aliyenialika aliniambia, "Mwalimu, njoo uwaeleze watu mbunge anafanya nini Dodoma." Nikamwambia hilo mkamuulize mbunge mwenyewe. Mimi nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na ushee, nimekuwa diwani vipindi viwili, na nina mikorosho. Ninachoweza kuwaeleza ni namna maneno ya Dodoma yanavyofika chini ya mkorosho wangu, na kwa nini yakifika huwa tumeshachelewa.

Tuanze na kalenda. Bunge la bajeti linaanza Aprili, na lazima limalize kabla Juni haijaisha, maana mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1. Sasa niambieni, Juni mkulima wa korosho yuko wapi? Haya, mmesema wenyewe. Yuko shambani anapulizia. Umeamka saa kumi alfajiri ili uwahi umande, upepo bado umelala, dawa yetu ya salfa ishike kwenye majani na maua kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujakuwahi. Kitambaa puani, macho yanawasha, mashine iko mgongoni inanguruma hata mkeo akikuita husikii. Ukirudi nyumbani saa nne unanuka kiberiti, unaoga ndoo moja ya maji uliyonunua, unalala. Redio utaisikiliza saa ngapi? Na huo ndio mwezi ambao nchi inaamua nani atoe nini na nani apewe nini.

Nikiwa diwani tulisafiri mara moja kwenda Dodoma kulitazama Bunge. Tuliacha simu kwa walinzi, tukapandishwa kwenye jukwaa la wageni. Kikao kinaanza saa tatu asubuhi kwa dua, kisha maswali. Mbele ya watu wote tukatangazwa: wageni wa Mheshimiwa fulani kutoka Newala, wasimame walipo. Tukasimama, tukapunga mikono, wabunge wakapiga meza. Mwenzetu mmoja alifurahi mpaka akasahau kukaa, ikabidi tumvute koti.

Swali letu lilikuwa la maji. Habari ya maji hapa hakuna haja ya kuwahadithia. Tuko juu ya uwanda, mto hakuna, mradi wa Makonde ulijengwa enzi za mkoloni na maji yake yanasukumwa kutoka bondeni kule Mitema. Pampu ikikohoa huko chini, huku juu tunarudi kwenye visima vya kuvunia mvua na ndoo za kununua. Mbunge akasimama, akauliza ni lini wananchi watapata maji ya uhakika. Naibu Waziri akajibu: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Yakaja maneno mazuri sana. Serikali inatambua. Upembuzi yakinifu unaendelea. Fedha zitatengwa kadiri zitakavyopatikana. Mbunge akauliza maswali mawili ya nyongeza, maana kanuni zinamruhusu mawili, akajibiwa hayo mawili, tukahamia jimbo lingine. Nilikuwa nimevaa saa. Dakika saba hazikufika. Siku mbili za barabara kwa dakika saba! Nikafungua daftari nione nimeandika nini, nikakuta neno moja tu: "kadiri".

Sitaki mwondoke hapa mkisema Mwalimu kayadharau maswali ya wabunge. Angalieni barabara ya Mtwara kwenda Newala mpaka Masasi, kilomita 210. Barabara hii imeulizwa na wabunge wa vyama tofauti, vipindi tofauti, mpaka waliokuwa wakiuliza mwanzo wengine tumeshawazika. Kwanza zikapatikana kilomita 50 za lami kutoka Mtwara hadi Mnivata. Zile 160 zilizobaki, Mnivata, Newala hadi Masasi, zikaja kupatiwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Swali likiulizwa mara moja linasahaulika. Likiulizwa miaka kumi linageuka aibu, na wakubwa wanaiogopa aibu kuliko sisi tunavyodhani. Tena kila jibu la waziri linaandikwa kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, ile Hansard. Nilipokuwa diwani nilikuwa natembea na kurasa zake kwenye mfuko wa plastiki. Mtaalamu akisimama kwenye Baraza la Madiwani kusema mradi haumo kwenye mpango, namsomea waziri alivyosema, tarehe hii, mkutano huu. Anakaa.

Lakini swali la asubuhi linaomba. Linaomba kitu kutoka kwenye mfuko ambao umejazwa mahali pengine, saa nyingine, kwa sheria nyingine. Sisi huku tunahesabu mbunge wetu kasimama mara ngapi, kauliza maswali mangapi, sauti yake ilitoka vipi. Hatuhesabu alikuwa wapi siku mfuko unagawanywa.

Na hapo ndipo nataka nikae, maana yalitukuta sisi wenyewe mwaka 2018.

Kuna ushuru unaotozwa korosho ghafi ikisafirishwa kwenda nje. Kiwango chake ni asilimia 15 ya bei ya korosho ikiwa bandarini tayari kupakiwa, au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa. Uliwekwa ili kuwachochea watu wabangue hapahapa nchini, ingawa mnajua viwanda vingi vya kubangua vilivyojengwa huku Kusini miaka ya 1970 na 1980 viliishia kuwa maghala. Watu husema ushuru ule analipa mnunuzi. Ni kweli, risiti ina jina lake. Lakini kaeni mfikirie alivyokuwa akiandika ile barua ya bei ya mnada. Anaanza na bei ya soko la dunia, bei ambayo wabanguaji wa India na Vietnam wako tayari kulipa. Anatoa meli, anatoa ushuru, anatoa magunia na usafiri, anatoa faida yake. Kinachobaki ndicho alichokuwa akikiandika na kukitumbukiza kwenye sanduku, na ndicho chama cha msingi kilichokuwa kikikusomea. Kwa hiyo ule ushuru, ndugu zangu, umetoka kwako kabla hujauona.

Kwa kuwa umetoka kwa mkulima, sheria ilisema asilimia 65 yake irudi kuendeleza zao: pembejeo, utafiti, miche, mambo ya soko. Asilimia 35 ibaki Hazina. Tufanye hesabu ya darasa la sita. Tuseme tani imeuzwa dola 2,000. Asilimia 15 ni dola 300. Dola 195 zinarudi kwenye korosho, dola 105 zinabaki Hazina. Hiyo ni tani moja. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Fanyeni wenyewe mkifika nyumbani, mimi nimestaafu kusahihisha madaftari.

Msimu ule ulikuwa mzuri mpaka watu tukaharibika akili. Nina bati la biskuti ambamo natunza stakabadhi zangu zote. Ya mwaka ule inaonyesha kilo 412, bei shilingi 3,800 na senti zake. Hapa Newala pikipiki ziliisha madukani. Kuna jirani yangu alinunua makochi kabla hajaezeka nyumba, akayafunika turubai.

Ikaja bajeti. Kwenye mijadala ya mwaka 2018 wabunge wa Mtwara na Lindi, wa chama tawala na wa upinzani, walisimama kudai fedha za korosho zilizokuwa hazijapelekwa. Nape Nnauye wa Mtama alikuwa mmojawapo. Walipiga kelele kwelikweli, sina la kuwalaumu hapo. Halafu ukaja Muswada wa Sheria ya Fedha. Ndani yake, katikati ya vifungu vya kodi za vitu vingine visivyohusiana hata kidogo na mkorosho, kulikuwa na marekebisho ya Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009. Mgao wa asilimia 65 ukafutwa. Ushuru wote uende Mfuko Mkuu wa Hazina, na zao lipangiwe bajeti kama mazao mengine. Mjadala ukawaka moto, wabunge wetu wakapinga, muswada ukapita. Ilikuwa Juni.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa na mashine mgongoni. Taarifa niliipata kwa kijana anayenichanganyia mafuta ya petroli, na yeye aliipata kwenye simu ya dereva wa bodaboda. Akaniambia, "Mwalimu, wamechukua hela ya korosho." Nikamuuliza, "Akina nani?" Akasema, "Wao." Nikaendelea kupulizia.

Nataka tuwe waungwana. Serikali ilikuwa na hoja. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa kila zao kuwa na chungu chake jikoni. Mtu wa pamba kule Simiyu angeweza kuuliza kwa nini yeye hana asilimia 65 yake. Na fedha za mfuko wa korosho zilikuwa na maswali. Tusijifanye malaika, wengi wetu tuliona zilivyotumika na hatukusema kwa sababu salfa ilikuwa inafika. Mwaka ule wa mwisho iligawiwa bure, nani angeuliza hesabu? Kwa hiyo waziri aliposema fedha zote ziingie mahali pamoja zikaguliwe pamoja, si neno la kichaa. Kilichonikera mimi ni kwamba chungu kiliondolewa jikoni na hakuna aliyetuonyesha sahani itatoka wapi.

Yaliyofuata mnayajua. Oktoba minada ilifunguliwa kwa bei zilizotufanya tugome kuuza. Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya Jeshi yakaja kusomba korosho, kukaja uhakiki wa mashamba. Kuna waliolipwa mapema na kuna waliosubiri miezi, shule zimefunguliwa, ada haipo. Msimu ule tulivuna pungufu sana ya mwaka uliotangulia, na ilipita misimu kadhaa kabla nchi haijazifikia tena zile tani 300,000. Sisemi ni ule ushuru peke yake. Kulikuwa na mvua mbaya, kulikuwa na bei ya dunia iliyoshuka, kulikuwa na kangomba, yule mlanguzi anayekupimia kwa kopo lake bovu wakati wewe una mgonjwa ndani. Baadaye ruzuku ya pembejeo ilirudi, na leo salfa tunagawiwa. Ila stakabadhi ya msimu wa 2018/19 ninayo pia kwenye lile bati. Kilo 260. Mikorosho ileile, mkulima yuleyule, salfa nusu.

Sasa nirudi Dodoma, niwaulize: wabunge wetu walishindwaje, na walipiga kelele namna ile?

La kwanza, walikuwa wachache. Mikoa miwili, na Tunduru, na kipande cha Pwani na Tanga. Mbunge wa Kagera korosho anaijua ikiwa kwenye pakiti. Mimi sikumbuki siku wabunge wa huku waliposimama kumpigania mkulima wa kahawa wa Kagera au wa pamba wa Bariadi. Kila mmoja anaomba kituo chake cha afya, daraja lake, kisima chake, wenzake wanapiga meza, basi. Miaka mitatu baadaye, Julai 2021, zilipoanza tozo za miamala ya simu, nchi nzima ilipiga kelele, kwa kuwa kila mtu alikatwa, wa kahawa na wa korosho. Wiki chache tu, Septemba, zikapunguzwa asilimia 30, na miaka iliyofuata zikaendelea kukatwa. Na mkumbuke tozo zile zilipitishwa na wabunge walewale waliokuwa wakiomba madarasa na vituo vya afya asubuhi. Kituo cha afya kinajengwa kwa hela. Ukikiomba asubuhi, jioni utaulizwa hela itoke kwa nani.

La pili ni kanuni zenyewe. Mbunge akitaka kumbana waziri kwenye bajeti ya wizara anaweza kushika shilingi. Vijana mnacheka, lakini ndivyo. Kwenye Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika na maelezo anatoa hoja kwamba mshahara wa waziri upungue kwa shilingi moja. Ni shilingi tu, lakini ikishikwa, waziri hawezi kupita mpaka aeleze, na wabunge wengine wanaruhusiwa kuchangia hoja ile. Nimesikia mawaziri wakitoa ahadi nzito kwa ajili ya ile shilingi kuliko kwa maswali yote ya mwaka. Ila muda wa kamati una mwisho. Saa ikifika, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo, wenyewe wanaita gilotini, na shilingi yako unabaki nayo mfukoni.

Kisha kuna kura. Bajeti Kuu inapigiwa kura kwa majina. Katibu anaita mbunge mmoja mmoja, anajibu ndiyo au hapana, inaandikwa. Mkitaka kujua mbunge wenu alisema nini, ipo. Na kwa Katiba yetu, ibara ya 90, Bunge likikataa bajeti Rais anaweza kulivunja, kwa hiyo msishangae "hapana" ni chache. Nani anataka kurudi jimboni kuomba kura kabla hajalipa deni la kampeni? Lakini Sheria ya Fedha, yenye kodi, yenye ule ushuru wetu, inapita kwa sauti. Wanaoafiki waseme ndiyo. Wasioafiki waseme siyo. Sauti haina jina. Mbunge anaweza kunyamaza kabisa na akaja hapa akakwambia alipinga, na wewe huna pa kumshikia.

Mniwie radhi, hapa nitasema neno ambalo watu wa mbele huenda wasilipende. Sisi tunawapima wabunge kwa mabati. Mfuko wa Jimbo umenunua bati 200, tumepiga vigelegele, tumechinja mbuzi. Sheria ya mfuko ule inamfanya mbunge mwenyekiti wa kamati, sawa, lakini zile ni hela zetu, na ni kidogo. Mimi ningependa siku moja mtu asimame kwenye mkutano wa hadhara aulize, "Mheshimiwa, jedwali la marekebisho uliliwasilisha?" Maana mbunge anayepinga kifungu cha muswada anaandika jedwali la marekebisho, anapeleka kwa Katibu wa Bunge, na hapo jina lake linabaki kwenye karatasi hata akishindwa. Nililiuliza swali hilo mara moja kwenye kikao, mwenyekiti akadhani nazungumzia jedwali la kuzidisha.

Na sisi je? Kabla muswada haujarudi Bungeni, unapelekwa kwenye kamati. Wa fedha unakwenda Kamati ya Bajeti. Kamati inakaribisha maoni ya wadau, tangazo linatolewa, na mtu anaweza kwenda mwenyewe au kuandika. Nani huenda? Wenye viwanda wanakwenda. Mabenki yanakwenda, na makampuni ya simu, wamevaa suti, wana makabrasha yenye rangi. Mkulima haendi kwa sababu ni Juni. Siwezi kubadilisha kalenda ya Serikali, na ubwiriunga haujui siku za Bunge. Barua ninaweza kuandika mapema.

Basi nimeiandika. Ni kurasa mbili, nimeipiga chapa kwa kijana pale stendi, na yeye amenisahihishia "x" mahali nilipoweka "ks", nimemsamehe. Inaomba kitu kimoja tu: kila mwaka, kabla Sheria ya Fedha haijasomwa, Serikali iweke mezani ushuru wa korosho umeingiza kiasi gani na kiasi gani kimerudi kwenye zao, kwa shilingi, mkoa kwa mkoa. Sijaomba asilimia 65 irudi. Naona tukianza na hesabu, mengine tutabishana nayo vizuri. Chini nimeacha nafasi ya majina ya vyama vya msingi na mihuri yao. Nimeacha pia nafasi ya mtu mmoja mmoja, maana najua kuna mwenyekiti atasema mpaka akae na bodi yake.

Barua iko pale mezani, karibu na birika la chai. Kalamu nimeifunga uzi kwenye mguu wa meza, vijana wa Newala nawafahamu. Nakala ya pili ni ya mbunge, nitampelekea mwenyewe akija Jumamosi, na nitamwomba asaini kwamba ameipokea.

Samahani sitakaa kwa chakula. Mashine niliyonayo nimeiazima, mwenyewe anaitaka kesho alfajiri, na bado nina mistari minne sijapulizia.